Viraka Hamsini na Sita

Jumatatu, 2 Juni 1997

Kobe amekamilika! Miaka minane ya kuandika programu hii gerejini, miguu ikiniganda kwa baridi, na leo amekamilika. Nimeandika barua kwenye kompyuta, Kobe akaifunga, nikamwita mke wangu Loretta aje aisome. Akasema anaona takataka tupu. Takataka! Sifa niliyokuwa nikiitafuta ni hiyo hiyo. Barua iliyofungwa na Kobe haisomwi na mtu asiye na neno la siri, awe jirani, iwe serikali. Loretta akauliza barua yenyewe ilisema nini. Nikamjibu ilisema maziwa yamekwisha. Akasema si ungeniambia tu, Merle. Mwanamke mwema, muuguzi hodari, lakini mambo makubwa hayaoni.

Simwuzi Kobe. Namgawa bure, mistari yake yote wazi, anayetaka asome, anayetaka arekebishe, ampe na mwenzake. Yuko mama mmoja Helsinki, Pirkko Saarelma. Yeye na wenziwe wanatengeneza diski ya programu huria inayosambazwa dunia nzima. Imebaki nafasi moja, ya programu ya kufunga barua. Itakayomfikia kwanza na kufanya kazi, kabla ya tarehe 30 mwezi huu, itaingia, na jina la mtunzi litaandikwa ndani ya diski. Jina langu! Merle Hotchkiss, kutoka Helsinki hadi Lagos! Mpaka leo jina langu limeandikwa mahali pawili tu: kwenye sanduku la barua, na kwenye kadi ya daktari wa meno. Na ya daktari wamekosea.

Tatizo la kwanza ni sheria. Hapa kwetu Marekani programu kama Kobe zilikuwa kapu moja na vifaru na mabomu. Juzijuzi wamezihamishia ofisi nyingine, lakini mambo ni yale yale: kwa diski au kwa waya haitoki nchini bila kibali. Ikichapwa kwenye karatasi ni kitabu, na kitabu kinakwenda kinakotaka. Usiniulize mantiki. Pirkko ameniandikia waziwazi: nisimtumie hata herufi moja ya Kobe kwa kompyuta, wala nisimwelekeze jinsi ya kurekebisha kosa. Mkono wa Mmarekani ukigusa tu, atatupa kazi yote.

Tatizo la pili linakaa ng'ambo ya barabara. Glenn Ostrander. Ana programu yake, Pweza. Na ana barua! Barua ya kweli kutoka ofisi moja ya Washington, yenye nembo ya tai, ikimwuliza maswali matatu juu ya Pweza. Ameitia fremu, ameitundika ukutani kwenye duka la pizza la Sal, pale klabu yetu ya kompyuta inapokutana kila Alhamisi. Watu wanaisoma, wanatikisa vichwa, wanamshika bega. Mtu aliyesumbuliwa na serikali! Mimi sijasumbuliwa hata na mbwa. Wivu unanila, nakiri, hapa hakuna anayesoma.

Jumanne, 3 Juni

Nimeamua kujitafutia barua yangu. Wakati wa chakula cha mchana nikapiga simu ile ile ofisi ya Washington kutoka maktaba, ninakotengeneza kompyuta. Akapokea mama mmoja, Bibi Tolliver, ana sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Nikamwambia anaongea na mtu hatari. Akaomba nimtajie jina langu herufi moja moja, taratibu. Akauliza nimeshapeleka programu ngapi nje. Nikasema bado, ila nia ninayo, tena kubwa sana. Akasema nia haina fomu, baba, kupeleka ndiko kuna fomu. Akaahidi kunitumia, kurasa kumi na moja.

Nikauliza kama inakuja na barua yenye tai. Akasema inakuja na maelekezo ya kujaza.

Alhamisi, 5 Juni

Klabu. Glenn kaja na Pweza mzima, kamchapa kitabu, kurasa mia mbili na kumi na mbili, herufi kubwa safi, kila mstari una namba mwishoni ya kuhakiki kama mwandikaji wa Helsinki amepatia. Amekwishamwonyesha wakili. Mtu anayemwonyesha wakili kitabu kabla ya mkewe! Wote wakakipapasa kama mtoto mchanga. Kisha Glenn akanigeukia, akauliza kwa ile sauti yake ya huruma: vipi jirani, na wewe Kobe wako atasafiri vipi, au atatembea kwa miguu?

Kicheko. Hata Sal kule kwenye tanuri alicheka.

Sijui kilichonipata. Asubuhi Loretta alikuwa amenituma nipeleke kanisani mfuko wa vitambaa vya akina mama wanaoshona mablanketi ya viraka, na ule mfuko nilikuwa nimeusahau, uko pale miguuni. Nikasimama. Nikasema vitabu ni ushamba, kila mtu anapeleka kitabu. Kobe atasafiri akiwa blanketi! Moyo wa Kobe ni mistari hamsini na sita tu, mingine yote ni ya kawaida, kila mtu anayo. Viraka hamsini na sita, saba kwa nane, kila kiraka mstari mmoja, kwa sindano na uzi. Nani atalikamata blanketi?

Makofi! Mara ya kwanza kupigiwa makofi tangu niingie klabu hii. Glenn aliweka kipande chake cha pizza chini. Nimerudi nyumbani nikielea hewani. Shida ni kwamba sijui kushona.

Jumapili, 8 Juni

Loretta kwanza alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanipeleka kwa Bi Hedvig Lindquist, mkuu wa washonaji wa kanisa la Mtakatifu Ansgar, miaka themanini na mmoja, vidole kama koleo. Nikampa kadi hamsini na sita, kila moja na mstari wake. Akavaa miwani. Akauliza haya maneno si ya matusi, mwanangu? Nikasema ni hesabu. Akasema basi sawa, ingawa kwa macho yanafanana na matusi.

Masharti yake: nitengeneze mashine ya kanisa ya kutoa nakala, na nioshe vyombo siku ya karamu ya stroberi. Nimekubali. Ushujaa una gharama zake.

Wakaniuliza pia kuhusu jina. Ni desturi yao, nyuma ya kila blanketi hushonwa kitambaa cheupe chenye majina ya waliolitengeneza. Loretta akasema tuweke na lako basi, Merle, wewe ndiwe baba wa jambo. Nikakataa katakata. Wapelelezi wakilishika njiani, wakute jina langu limetariziwa kwa uzi mwekundu? Nataka kusumbuliwa, sitaki kufungwa. Kuna tofauti. Jina langu litakaa kwenye diski, mahali pake.

Jumatatu, 9 Juni

Nimempigia tena Bibi Tolliver. Nimemwuliza, kwa niaba ya rafiki, kama programu iliyoshonwa kwenye blanketi ni kitabu au ni silaha. Nikasikia amefunika simu kwa kiganja, nikasikia vicheko vya watu kama wanne. Akarudi, akasema mambo ya nguo yako meza nyingine, baba, lakini kwa ajili ya kumbukumbu, nani anayeshona? Hapo nikawa mjanja. Jina langu nikalimeza. Nikamtajia la Bi Hedvig Lindquist, na anwani ya kanisa.

Jumatano, 11 Juni

Wamekuja! Gari la kijivu, tangu jana, limeegeshwa mbele ya nyumba yetu. Ndani mwanamume mwenye daftari. Anaitazama nyumba, anaandika. Anaitazama tena, anaandika. Nina furaha na hofu, sijui ipi zaidi.

Nimechukua hatua. Diski zote zenye mistari ya Kobe nimezifuta, kumi na tisa. Nimebakiza nakala moja tu ya mistari, na hiyo nimeifunga kwa kutumia Kobe mwenyewe, aliyebaki kwenye mashine akifanya kazi tu, mistari yake haisomeki humo. Nani mwingine angefikiria hilo? Neno la siri lina herufi arobaini na mbili: majina ya mbwa wangu wote watano, kuanzia wa mwisho, na katikati mwaka wa harusi yetu. Nikaliandika kwenye karatasi, nikalikariri, nikaitafuna karatasi na kuimeza. Ina ladha ya gundi. Zile kadi za akina mama nazo, nimempigia Bi Lindquist azichome zikimaliza kazi yake.

Baadaye nikachana nywele, nikamwendea yule bwana na kikombe cha kahawa. Nikamwambia niko tayari. Akafurahi sana, akasema basi tuanzie chini ya sakafu. Ni mkaguzi wa mchwa. Aliitwa na Glenn, akakosea upande wa barabara. Kwa Glenn hakuna mchwa. Kwetu wapo.

Ijumaa, 13 Juni

Blanketi limekwisha! Bluu na nyeupe, mistari imetariziwa kwa uzi mweusi, hata alama za mabano zimepinda vizuri. Machozi yalinilenga. Nikaamua kwanza kulihakiki kwa nakala yangu.

Nakala haikufunguka.

Nikaandika neno la siri. Kobe akakataa. Nikaanza na mbwa wa kwanza badala ya wa mwisho. Akakataa. Mbwa watano wanaweza kupangwa kwa namna mia na ishirini, nimezijaribu zote. Nikafikiri labda mwaka wa harusi ndio nimekosea. Nikamwuliza Loretta kwa ujanja, kama mtu anayepiga soga, hivi ndoa yetu ina miaka mingapi sasa? Akaniangalia. Akasema 1979, Merle, tarehe tatu Novemba, mvua ilinyesha, na ulichelewa. Kisha akachukua sahani yake akaenda kulia chakula chumba kingine. Nikaandika 1979. Kobe akakataa. Loo, nimetengeneza kitu imara!

Kwa hiyo mistari pekee ya Kobe inayosomeka duniani ni ile ya blanketi. Loretta, ambaye alikuwa bado hajanisamehe, alisema akiwa mlangoni kwamba mtu mwenye akili angekaa saa moja akanakili viraka kwenye daftari. Nilikuwa naenda kufanya hivyo. Kweli kabisa. Kalamu nilishaishika. Ndipo nikamwona Glenn dirishani anarudi kutoka posta, mikono mitupu, anapiga mluzi. Kitabu kimeondoka! Na posta inafungwa saa kumi na moja! Nikalikunja blanketi, nikakimbia.

Karani akauliza kuna nini ndani. Nikasema blanketi, nikamkonyeza. Akauliza kama kuna betri, majimaji au vyakula. Nikasema hapana, nikamkonyeza tena. Nikamwuliza kama ana uhakika hataki kuniuliza jambo jingine lolote. Mama aliyekuwa nyuma yangu akasema bwana, wengine tuna watoto garini. Limekwenda, usafiri wa haraka.

Jumatano, 18 Juni

Pirkko kaandika. Blanketi limefika! Mama yake mzazi kalishika akalia, anasema hajaona mshono wa namna ile tangu bibi yake afariki. Kitabu cha Glenn kimefika siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo! Sasa ni mbio za vidole: wanafunzi wawili wamepewa kurasa za Glenn, yeye Pirkko na mamaye watamwandika Kobe wangu.

Ila si sasa. Keshokutwa wana Juhannus, sikukuu yao ya jua lisilozama, na nchi nzima inahamia kwenye vibanda vya ziwani kuoga mvuke na kuwasha mioto. Helsinki habaki mtu. Nimesoma mara tatu nikidhani ni mzaha. Dunia inasubiri, na wao wanaoga! Pirkko anasema atakwenda na blanketi ziwani.

Leo pia nimeosha sahani mia moja na arobaini za stroberi.

Jumatatu, 23 Juni

Msiba. Wameandika viraka vyote hamsini na sita, wamehakiki mara mbili, mama kasoma kwa sauti, binti kaandika. Kobe hafanyi kazi. Anaamka, anaanguka. Pirkko anasema kuna jambo halikai sawa, na ananikumbusha kwa upole kwamba nisithubutu kumweleza ni lipi.

Angejua! Hata ningetaka kuvunja sheria siwezi, sina pa kutazama. Nilifuta diski kumi na tisa kwa ajili ya mkaguzi wa mchwa. Nimekaa gerejini nikijiita majina. Siku saba zimebaki, na wanafunzi wa Glenn wamefika ukurasa wa sitini, japo nasikia mmoja alianguka ziwani.

Jumanne, 24 Juni

Nilikwenda kwa Bi Lindquist nikiwa nimevimba. Nikamwuliza kama walikosea mahali. Akajinyoosha. Washonaji wa Mtakatifu Ansgar hawakosei, mwanangu. Kisha, huku akinikatia keki ya limau, akaongeza: isipokuwa lile kosa la unyenyekevu, bila shaka.

Kosa la nini?

La unyenyekevu! Kumbe kila blanketi wanalotengeneza hulitia kosa moja kwa makusudi, kwa sababu mkamilifu ni Mungu peke yake, na mshonaji asijione. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Kwenye langu amechukua viraka viwili akavibadilisha mahali. Nikamwuliza ni viwili vipi. Akasema hakumbuki, ukikumbuka inakuwa si unyenyekevu tena, inakuwa hesabu.

Nikamwambia ni hesabu! Nilimwambia tangu mwanzo ni hesabu! Akanipa kipande cha pili cha keki, akasema nimekonda.

Jumatano, 25 Juni

Nimempigia Bibi Tolliver. Siku hizi akisikia sauti yangu anauliza hali ya rafiki yangu. Swali: karatasi ikienda kwa faksi ni karatasi au ni waya? Akapumua. Akasema huku ni karatasi, kule ni karatasi, katikati ni waya, na kuna kamati inalitazama, itakutana Oktoba. Oktoba! Barua ya posta nayo haitawahi. Nikaweka simu, nikalala kifudifudi juu ya zulia la maktaba mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama ni moyo.

Nyumbani nikamweleza Loretta yote. Alikuwa anamenya viazi. Akasema lakini hupaswi kumweleza Pirkko juu ya Kobe. Mweleze juu ya kanisa. Nikamwambia asinichanganye. Akasema wewe mwanamume, hebu sikiliza basi: je, mwanamke wa Marekani anakatazwa kumwandikia mwanamke wa Helsinki habari za desturi za washonaji?

Nikapiga simu Washington kabla hawajafunga. Bibi Tolliver akajibu papo hapo kwamba dini si meza yao.

Loretta akakaa kwenye kompyuta yangu, mikono bado ina maji ya viazi, akaandika mistari minne: anamshukuru mama mzee kwa sifa, na labda wangependa kujua kwamba kanisani kwetu kila blanketi lina viraka viwili vilivyobadilishana mahali, maana mkamilifu ni Mungu peke yake. Salamu nyingi kwa familia. Nilitaka kuongeza sentensi moja ya kitaalamu. Akanipiga mkono.

Jumamosi, 28 Juni

Anafanya kazi!! Pirkko alielewa palepale. Kompyuta yake ilijaribu kubadilisha viraka viwili viwili, kila jozi, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa mchana, na Kobe akasimama. Kilikuwa kiraka cha kumi na saba na cha arobaini na nne. Wanafunzi wa Glenn wako ukurasa wa mia na tatu. Nimewashinda! Nimeshinda! Nimempigia Glenn simu kumpa pole, nikampa pole ndefu. Akasema hongera jirani, kwa dhati kabisa, jambo ambalo limeniudhi.

Nimemwambia Loretta kwamba wazo lake lilikuwa na mchango wake.

Jumatatu, 30 Juni

Diski imetoka. Kuleta programu ndani ya nchi hakukatazwi, kinachokatazwa ni kuitoa, kwa hiyo nimemvuta Kobe wangu kutoka Helsinki kwa waya hadi gerejini, halali kabisa, dakika arobaini. Nikafungua orodha ya watunzi.

Kobe. Watunzi: Hedvig Lindquist, Loretta Hotchkiss, na akina mama saba wa Mtakatifu Ansgar. Waandikaji: Pirkko Saarelma na mama yake.

Nikatazama tena. Nikatazama hadi mwisho wa faili, mpaka pale panapoandikwa shukrani kwa mbwa wa Pirkko.

Nimemwandikia haraka. Akajibu kwa upole ule ule wa kuua: kwa usalama wa kisheria wanaandika majina yale tu yaliyofika pamoja na kazi yenyewe, na nyuma ya blanketi kulikuwa na kitambaa cheupe chenye majina tisa, yametariziwa vizuri sana. Langu halikuwemo. Je, nilisahau?

Loretta hakucheka. Alinishika shingo kwa nyuma, akakaa nami gerejini, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Miaka minane, Mungu wangu.

Alhamisi, 3 Julai

Klabu. Nilifika nimechelewa, nikakuta watu wote wamesimama wanapiga makofi. Nikainua mkono kuwashukuru. Hawakuwa wananitazama mimi. Bi Lindquist alikuwa ameketi kiti cha mbele, kofia ya Jumapili kichwani, kipande cha pizza ya nanasi mkononi. Na mezani barua.

Nembo ya tai! Ofisi ya Washington inamwuliza Bi Hedvig Lindquist, mshonaji, maswali. Si matatu. Saba! Nilipotaja jina lake kwenye simu nilidhani najikinga. Glenn mwenyewe ameishusha barua yake ukutani, akaitundika ya Bi Lindquist mahali pale, yake akaiweka chini, karibu na choo. Bi Lindquist akauliza kama anaweza kuwajibu hao watoto wa Washington kwa kuwashonea mto wa kiti. Watu wakalia kwa kucheka. Nikala vipande vinne, sikuonja hata kimoja.

Ijumaa, 4 Julai

Sikukuu ya taifa. Angani fataki zinalipuka, baruti kweli kweli, hakuna anayeomba kibali. Mimi niko gerejini na mkate wangu wa soseji. Nimegundua jambo.

Nilikuwa nimeifungua ile nakala iliyofungwa, kuitazama tu kwa uchungu. Nikanyoosha mkono kuchukua haradali, kiwiko kikabonyeza kitufe cha kuingiza. Neno la siri sikuwa nimeandika hata herufi moja. Ikafunguka!

Nimepekua mistari. Kumbe neno la siri likizidi herufi thelathini, Kobe analisahau lote wakati wa kufunga, anafunga bila neno lolote, ila wakati wa kufungua analisoma lote na kulikataa. Yaani nilikuwa nimelikumbuka sawasawa siku ile, mbwa wote watano na mwaka wa harusi, na ningebonyeza tu bila kuandika chochote ningekuwa na Kobe wangu wote. Na sasa huyu Kobe yuko kwenye diski dunia nzima! Kila mwenye neno refu, barua zake ziko wazi. Watu wanawaficha barua hizo waume, wakubwa wa kazi, serikali zao. Hili si mchezo.

Marekebisho ni mstari mmoja. Nimeuandika kwa dakika kumi, nimeujaribu, shimo limezibwa. Mstari mmoja, na kuupeleka kwa waya ni kosa. Loretta akachungulia mlangoni, akasema andika kwenye postikadi basi, Merle, posta inafunguliwa kesho, uweke na jina lako.

Postikadi! Glenn angetuma postikadi. Mimi nina wazo kubwa zaidi. Keki! Nimechungulia orodha yote ya vitu vilivyokatazwa, keki haimo. Bi Lindquist ataoka, mstari utaandikwa juu kwa sukari, itakwenda Helsinki kwa meli, wiki sita tu. Jina langu sitaliweka, keki ikikaguliwa forodhani sitaki kuhusishwa.

Na sirudii kosa la kuacha nakala ovyo. Lile gari la kijivu limerudi leo, yule bwana anasema ni mchwa, lakini nani anafanya kazi siku ya sikukuu? Kwa hiyo nimefuta zote. Nimebakiza moja yenye ule mstari, nimeifunga kwa Kobe mpya, yule niliyemrekebisha, ambaye hata mtunzi wake hawezi kumfungua bila neno. Herufi arobaini na nane. Nimelikariri barabara, kisha nikaitafuna karatasi. Kwa haradali inashuka vizuri.